Mlima mmoja, madirisha mawili: kushika mafaili mengi ndani ya Vim

Kijana anayenisaidia kazi hapa Moshi alikuwa na mtindo wake: kila faili na teminali yake, yaani ukurasa wake wa kuandikia amri. Tovuti tunayoitunza ni ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Ina maandishi ya Kiswahili, ya Kiingereza, faili la bei na faili la mwonekano, kwa hiyo skrini yake ilikuwa na teminali nne zimelaliana kama mitumba ya soko la Kiboriloni, na muda mwingi ulimwishia kwenye kuchambua ipi ni ipi. Siku moja akalifungua faili la bei katika teminali mbili bila kujua. Vim, programu tunayohaririia mafaili, ikamwonya kwa maelezo marefu. Akabonyeza herufi ya kwanza iliyomjia ili onyo liondoke. Upande mmoja akabadilisha bei ya njia ya Machame, akahifadhi. Upande wa pili akabadilisha ya Lemosho. Alipotaka kuhifadhi, Vim ikamuuliza tena kama kweli anataka, maana faili limebadilika tangu alisome. Akajibu ndiyo. Bei ya Machame ikarudi ya zamani, na sisi tukaja kujua siku tatu baadaye mteja alipopiga simu.

Sikumgombeza sana. Nilimwambia tu avute kiti, nikamwonyesha kwamba Vim moja inatosha. Haya ndiyo niliyomwonyesha, pamoja na mitego niliyoinasa mwenyewe miaka ya nyuma.

Kwanza hakikisha una Vim kamili

Kwenye seva nyingi za Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, ukiandika `vi` unapewa Vim iliyopunguzwa. Inafungua faili na kuhifadhi, lakini baadhi ya tutakayofanya hapa chini haiyawezi. Andika:

```
vim --version
```

Kwenye orodha inayotokea tafuta `+diff` na `+terminal`. Ukikuta zina alama ya kutoa badala ya kujumlisha, au ukiambiwa amri yenyewe haipo, weka kamili:

```
sudo apt install vim
```

Ukiiwasha bila jina la faili utaona ujumbe mfupi katikati ya skrini, na mara nyingi unakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Vijana wengi hudhani ni tangazo lililopenya. Hapana. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitengeneza Vim na kuitoa kwa umma mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Tangu hapo aliyeitumia programu yake na kuipenda aliombwa achangie watoto wa huko, badala ya kumlipa yeye. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na ujumbe haukuondolewa. Andika `:help uganda` uusome mwenyewe. Mimi naona ni jambo zuri kwamba zana inayotumika kwenye seva za dunia nzima inataja kijiji cha huku kwetu Afrika Mashariki.

Sasa tengeneza uwanja wa mazoezi. Usijifunzie kwenye faili la mteja.

```
mkdir ~/mazoezi
cd ~/mazoezi
vim njia-sw.txt
```

Bonyeza `i` uandike mistari hii, kisha `Esc`, kisha `:w` kuhifadhi na `:q` kutoka:

```
Marangu: vibanda, siku 5
Machame: mahema, siku 6
Lemosho: mahema, siku 8
Rongai: mahema, siku 6
Umbwe: mahema, siku 6
```

Tengeneza na `njia-en.txt` yenye mistari hiyohiyo kwa Kiingereza, kwa mpangilio uleule. Halafu `bei-2024.txt` yenye majina ya njia hizo na bei za kubuni, uinakili kuwa `bei-2025.txt`, na humo ubadilishe bei mbili tu.

Mlima, dirisha, chumba

Hapa ndipo watu wanapokwama, na wakishakwama hapa amri zote zinazofuata wanazikariri kama kasuku. Tulia kidogo.

Ukiwa Moshi, mlima uko kaskazini. Nyumba yenye madirisha mawili ya upande huo inaweza kukuonyesha Kibo kwenye dirisha moja na Mawenzi kwenye la pili. Mlima ni mmoja. Ukifunga pazia la dirisha moja, Mawenzi haijaenda popote.

Ndani ya Vim, mlima ni bafa. Bafa ni maandishi ya faili yakiwa yamepakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Dirisha ni eneo la skrini unalotazamia bafa. Mnaweza kuwa na madirisha mawili yanayotazama bafa moja, na mnaweza kuwa na bafa ambayo hakuna dirisha linaloitazama. Kichupo, ile alama ya juu ya skrini ambayo wengi huifananisha na ya kivinjari cha intaneti, ni chumba chenye madirisha yake. Ukienda chumba kingine unakuta madirisha mengine, yamepangwa vingine, lakini milima inayoonekana ni ileile.

Kwa hiyo kichupo cha Vim si faili. Ukikichukulia kama cha kivinjari, kila faili na kichupo chake, utakuwa umehama kutoka teminali nne zilizolaliana kwenda vichupo vinne vilivyopangwa mstari. Shida ni ileile, imevaa nguo safi.

Hatua ya 1: kuita na kuficha mafaili bila dirisha la pili

Fungua faili moja:

```
vim njia-sw.txt
```

Ukiwa ndani, ita la pili kwa `:e njia-en.txt`. La kwanza limetoweka machoni, ila bado lipo. Andika `:ls` na Vim itakuorodheshea bafa zote na namba zake. Alama ya asilimia ni ile unayoitazama sasa. Alama ya reli, `#`, ni ile uliyotoka. Ukiona `+`, bafa hiyo ina mabadiliko ambayo hujayahifadhi, na hiyo ndiyo alama ya kuitolea macho.

Kurudi: `:b 1`, au `:b sw` maana Vim inakubali kipande cha jina ikiwa hakigongani na jina lingine. Kama ni faili mbili tu unazorukaruka, bonyeza Ctrl na 6 kwa pamoja. Ukibonyeza tena unarudi ulikotoka. Hiki kitufe peke yake kilinipunguzia nusu ya kuchapa.

Sasa badilisha neno moja, usihifadhi, kisha jaribu kwenda faili lingine. Vim inakataa na kukupa kosa E37: una mabadiliko hujayahifadhi. Hapo wengi huongeza alama ya mshangao kwa hasira, na kazi yao inapotea. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, `~/.vimrc`:

```
set hidden
```

Mstari huu unairuhusu Vim kuficha bafa yenye mabadiliko bila kuitupa. Mwenyeji wa Moshi hahitaji maelezo zaidi: asubuhi mlima upo, saa nne mawingu yameushika, na hakuna anayesema umeondoka. Kwenye `:ls` bafa iliyofichwa hivyo ina herufi `h`. Wanaotumia Neovim, ndugu mdogo wa Vim, wataona mpangilio huu umeshawashwa tayari.

Ukitaka bafa itoke kabisa kwenye orodha, ni `:bd`. Mimi siitumii mara nyingi; bafa ishirini zilizofichwa hazinisumbui.

Hatua ya 2: kugawa skrini

Ukiwa ndani ya `njia-sw.txt`, andika:

```
:vs njia-en.txt
```

Skrini inagawanyika, mafaili mawili yamesimama ubavu kwa ubavu. Ukitaka moja juu na jingine chini, tumia `:sp` badala ya `:vs`. Herufi `v` inaelezea mstari unaogawa, si namna madirisha yanavyokaa: mstari umesimama wima, kwa hiyo madirisha ni kushoto na kulia. Kijana wangu alizichanganya wiki nzima, na sidhani ni kosa lake.

Kawaida dirisha jipya linatokea kushoto au juu, jambo ambalo mkono wangu haujawahi kulikubali. Ongeza kwenye `~/.vimrc`:

```
set splitright
set splitbelow
```

Kuhama dirisha kunaanza na Ctrl-w. Namna ya kubonyeza: shika Ctrl, gusa w, achia vyote viwili, ndipo ubonyeze herufi inayofuata. `h` ni kushoto, `l` kulia, `j` chini, `k` juu. Vitufe vya mishale navyo vinakubali, usione aibu kuvitumia. Herufi hizo nne hazikuchaguliwa kwa kubahatisha: Bill Joy aliandika vi, babu wa Vim, mwaka 1976 kwenye teminali aina ya ADM-3A, na kibodi yake ilikuwa na mishale imechorwa juu ya h, j, k na l. Tumerithi.

Ctrl-w kisha w inakuzungusha dirisha hadi dirisha bila kufikiria upande. Ctrl-w kisha herufi kubwa, kwa mfano `L`, hailihamishi jicho lako bali dirisha lenyewe: linaenda kukaa kulia kabisa. Ndiyo njia ya kugeuza mgawanyo wa juu na chini kuwa wa ubavuni bila kufunga kitu.

Kabla sijaenda mbali, mitego ya Ctrl-w, maana yote mitatu imenikuta.

Ukiwa bado katika hali ya kuandika, ile ya baada ya kubonyeza `i`, Ctrl-w inafuta neno lililo nyuma ya kishale, yaani alama inayoonyesha unapoandika. Unadhani unahama dirisha, kumbe unafuta maneno. Kwa hiyo `Esc` kwanza, kila mara, hadi iwe kama kupiga hodi.

Pili, ukitumia teminali iliyo ndani ya kivinjari, kama zile ambazo wauza seva huzitoa kwenye kurasa zao, Ctrl-w inakamatwa na kivinjari na kufunga ukurasa wote. Seva haina kosa, wewe ndiye umejifungia nje. Ingia kwa `ssh`, amri ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ukiwa kwenye teminali halisi.

Wa tatu ni wa kimyakimya. Ctrl-w kisha s inagawa skrini. Lakini ukisahau kuachia Ctrl, unakuwa umebonyeza Ctrl-s, na kwenye Vim za zamani teminali nyingi huichukulia kama amri ya kusimamisha kila kitu. Skrini inaganda. Unabonyeza, hakuna kinachojibu. Wengi huzima dirisha zima wakidhani mtandao umekatika. Bonyeza Ctrl-q tu, itaamka.

Ukubwa wa madirisha: Ctrl-w kisha `=` inayalinganisha yote. Ctrl-w kisha `_` inalirefusha ulilomo, na Ctrl-w kisha `|` inalipanua hadi mengine yanabaki utepe. Kwa kipimo kamili, `:vertical resize 40`. Ukiandika `set mouse=a` kwenye mipangilio, unaweza pia kuukamata mstari wa kati kwa kipanya na kuuvuta. Kuna watu hawataki kusikia kipanya kikitajwa karibu na Vim, waache.

Kufunga dirisha ni Ctrl-w kisha `c`. Ninaipenda kuliko `:q` kwa sababu inagoma kufunga dirisha la mwisho, kwa hiyo huwezi kutoka nje ya Vim kwa bahati mbaya. Ctrl-w kisha `o` inayafunga mengine yote na kukubakizia ulilomo. Pazia limefungwa, mlima upo: angalia `:ls`, bafa zote bado ziko.

Hatua ya 3: faili moja, madirisha mawili

Andika `:sp` bila jina lolote. Utaona faili lilelile mara mbili. Andika kitu juu. Kinajitokeza na chini papo hapo, kwa kuwa bafa ni moja.

Hapa ndipo tofauti na mtindo wa teminali mbili inapoonekana. Teminali mbili ni Vim mbili, kila moja na nakala yake kichwani, na ya mwisho kuhifadhi ndiyo inayoshinda. Madirisha mawili ndani ya Vim moja hayawezi kugombana. Faili letu la mwonekano ni refu, na rangi zote zimetajwa mwanzoni mwake. Natazama rangi kwenye dirisha la juu, nafanya kazi mstari wa mia nane huko chini, sipandi wala kushuka.

Hatua ya 4: kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja

Hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika mwongozo huu. Mji huu na Arusha zimejaa tovuti za lugha mbili, na makosa mengi ninayoyaona kwenye tovuti hizo hayako kwenye msimbo. Ni mstari mmoja uliorekebishwa upande wa Kiingereza na kusahaulika upande wa Kiswahili.

Fungua yote mawili ubavu kwa ubavu kutoka mwanzo:

```
vim -O njia-sw.txt njia-en.txt
```

Herufi kubwa `O` ni ubavuni, ndogo `o` ni juu na chini. Katika kila dirisha bonyeza `gg` ili yote yaanzie mstari wa kwanza. Kisha:

```
:windo set scrollbind nowrap
```

`:windo` maana yake: fanya amri hii katika kila dirisha la chumba hiki. Sasa shuka upande mmoja, na wa pili unakufuata. Mafaili ya mazoezi ni mafupi mno kuliona hili vizuri. Jaribu na yenye mistari mia. Nimeweka `nowrap` kwa sababu mstari mrefu ukikunjwa unachukua nafasi ya mistari miwili au mitatu kwenye skrini, na macho yako yanaanza kulinganisha vitu visivyolingana. Ongeza na `cursorbind` ukitaka kishale nacho kitembee sambamba.

Wakati mwingine pande mbili zinaachana, hasa ukiwa umeongeza mistari upande mmoja. Amri ya kuziweka sawa ni `:syncbind`. Ukimaliza, zima:

```
:windo set noscrollbind
```

Kwa njia hii ndipo nilipolikamata kosa langu mwenyewe lililokaa hewani msimu mzima. Ukurasa wa Kiswahili ulisema wageni wa Marangu wanalala kwenye mahema. Kila mpagazi wa hapa anajua Marangu ndiyo njia pekee ya kupandia yenye vibanda vya kulala, na Kiingereza chetu kilisema hivyo. Nilikuwa nimenakili mstari wa Machame nikabadilisha jina, nikasahau yaliyobaki. Nilikuwa nimeyasoma mafaili yote mawili mara nyingi, kila moja kwa wakati wake, na sikuona kitu.

Kwa mafaili ya lugha moja kuna zana kali zaidi. Bei za miaka miwili inayofuatana, kwa mfano:

```
vim -d bei-2024.txt bei-2025.txt
```

Vim inapaka rangi mistari iliyotofautiana na kuikunja iliyo sawa. `]c` inakupeleka kwenye tofauti inayofuata, `[c` iliyotangulia. Ukitaka kulichukua la upande wa pili, bonyeza `do`. Ukitaka kulisukuma la kwako kwenda upande wa pili, `dp`. Mimi nazikumbuka hivi: do ni kudokoa kutoka sahani ya jirani, dp ni kumpelekea jirani. Kabla ya kudokoa hakikisha uko kwenye sahani yako, yaani kishale kiko dirisha gani. Ukikosea, `u` inarudisha.

Kama madirisha yako wazi tayari, `:windo diffthis` inafanya kazi hiyohiyo, na `:diffoff!` inaizima katika madirisha yote ya chumba hicho. Usijaribu kulinganisha Kiswahili na Kiingereza kwa njia hii, kila mstari utapakwa rangi na hutaambulia kitu.

Hatua ya 5: vichupo

Vichupo viliingia Vim 7.0 mwaka 2006, vikiwa vimechelewa sana kuliko madirisha, na pengine ndiyo maana wazee wa Vim hawavipendi. Mimi nina msimamo wa kati: chumba kimoja kwa kazi moja. Lugha mbili ziko chumba cha kwanza, bei mbili cha pili, faili la mwonekano na madirisha yake mawili cha tatu. Nikifika cha nne najua nimeshaanza kuchanganya kazi.

Kufungua: `:tabe bei-2025.txt`. Kwenda cha mbele `gt`, cha nyuma `gT`, na `2gt` inakupeleka moja kwa moja cha pili. Kufunga `:tabc`.

Amri moja ya thamani hapa ni Ctrl-w kisha `T`, herufi kubwa. Inalinyanyua dirisha ulilomo kutoka kwenye msongamano na kulipa chumba chake. Inayofanana nayo ni `:tab split`: inakufungulia chumba kipya chenye bafa uliyomo bila kulibomoa dirisha la awali. Naitumia nikitaka kulitazama faili kwa upana wa skrini nzima, kisha `:tabc`, na mpangilio wangu naukuta kama nilivyouacha.

Kumbuka pia kwamba `:windo` inaishia kwenye chumba ulichomo. Ya vyumba vyote ni `:tabdo windo`.

Hatua ya 6: teminali ndani ya dirisha

Tangu Vim 8.1 ya mwaka 2018, `:term` inakufungulia dirisha lenye teminali ndani yake. Unaweza kuendesha `git`, zana ya kutunza matoleo ya mafaili, au kuwasha seva ya majaribio bila kutoka. Kuhama ni Ctrl-w kama kawaida. Ukitaka kupanda juu kusoma yaliyopita, Ctrl-w kisha `N`, na `i` inakurudisha. Ukimaliza, andika `exit`.

Hatua ya 7: kuhifadhi na kutoka, na umeme ukikatika

`:w` inahifadhi bafa uliyomo tu. Ukiwa na madirisha matano hilo ni rahisi kulisahau. `:wa` inahifadhi zote zilizobadilika, `:xa` inahifadhi zote na kutoka. `:qa` peke yake inagoma kama kuna bafa yenye mabadiliko, na inakupeleka kwayo. Huo mgomo ni rafiki yako. `:qa!` inatupa kila kitu ambacho hujahifadhi katika bafa zote, pamoja na zile zilizofichwa ambazo huzioni. Kabla ya kuiandika, andika `:ls` utafute alama za `+`.

Umeme ukikatika, au ukiwa kwenye seva na laini ya simu ikapotea, si kila kitu kimeenda. Vim huandika kazi yako pembeni kwenye faili lililofichwa linaloishia na `.swp`. Ukilifungua tena faili lako utakutana na onyo E325, lile refu alilolikimbia kijana wangu. Lisome. Kuna mstari unaotaja namba ya mchakato. Pembeni ya namba hiyo pakiwa na maneno `STILL RUNNING`, faili liko wazi mahali pengine muda huu: bonyeza `q`, ukalitafute huko. Maneno hayo yasipokuwapo, kuna uwezekano mkubwa Vim ya awali ilikufa na umeme: bonyeza `r` kurejesha, kagua maandishi, hifadhi, toka, fungua tena, na safari hii chagua `d` kulifuta lile faili la pembeni. Ukiliacha, onyo litakusalimia kila asubuhi. `e` ya kuhariri tu hata hivyo ndiyo iliyotuletea simu ya mteja.

Imebaki kuuhifadhi mpangilio wenyewe, vyumba na madirisha yake, ili kesho usianze upya:

```
:mks kazi.vim
```

Siku inayofuata, ukiwa kwenye folda hiyohiyo:

```
vim -S kazi.vim
```

Kila chumba kinarudi na madirisha yake, na kishale kinakaa mstari uleule ulipokiacha. Ukibadilisha mpangilio na kutaka kuuandika juu ya ule wa zamani, ni `:mks!` na jina lilelile. Faili hili linatunza mpangilio tu, haliyatunzi maandishi ambayo hujayahifadhi, kwa hiyo jioni mimi naandika `:wa` kwanza, ndipo `:mks! kazi.vim`, ndipo `:qa`.